Roboti za Kupigana: Tuandike Kanuni Kabla ya Kununua Mota





Kwa muda sasa vijana wetu wa hapa Juba Na Bari wamekuwa wakituuliza swali moja baada ya darsa, na wengine hutusimamisha hata njiani: je, inafaa tuwe na mashindano ya roboti za kupigana? Wameyaona kwenye simu. Roboti mbili zinaingizwa ndani ya kizimba, kila moja inaongozwa kwa rimoti na mwenyewe aliyesimama nje, zinagongana na kupinduana mpaka moja inashindwa kutembea. Sasa wapo wanaotaka kutengeneza za kwao.

Wazazi wamegawanyika. Wengine wamelikataa jambo hili kabla hata halijaelezwa, wakisema vita tumeviona vya kutosha, hatuhitaji kuwafundisha watoto vingine. Wengine wanasema hicho ni chuma tu, hakina roho wala hakisikii maumivu, basi waacheni watoto wacheze.

Sisi tunaona kila upande una haki yake. Hata hivyo pande zote mbili zimeruka hatua ya kwanza, nayo ni kuuliza mashindano hayo yatakuwa na kanuni gani. Mashindano ya roboti yanaweza kuwa darasa zuri la umeme, hesabu na adabu. Mashindano hayohayo yanaweza kuwa kamari, moto wa betri na kidole cha mtoto kilichokatika. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni kanuni zilizoandikwa mapema, zikasomwa na kila mtu, na zikafuatwa hata na yule anayeshinda. Kwa hiyo rai yetu ni hii: tuwakubalie vijana, lakini kanuni ziandikwe kabla mota ya kwanza haijanunuliwa, na tuanze na roboti za kusukumana, si za kukatana.

Tueleze kwa nini.

MCHEZO HUU UMETOKA WAPI

Mashindano ya roboti za kupigana kama tunavyoyajua leo yalianza San Francisco, Marekani, mwaka 1994, yakiandaliwa na Marc Thorpe kwa jina la Robot Wars. Mwaka 1998 jina hilo likaingia katika televisheni ya BBC ya Uingereza. Mwaka 1999 huko Marekani yakaanza mengine yaitwayo BattleBots, ambayo mwaka uliofuata yakaonyeshwa kwenye televisheni. Mengi ya yale ambayo vijana wetu wanayatazama kwenye simu yametoka huko.

Katika BattleBots roboti za uzito wa juu hufika ratili 250, yaani kilo 113 hivi. Hebu fikiria chuma cha uzito wa gunia na zaidi, chenye jisu linalozunguka kwa kasi kuliko feni. Pambano ni dakika tatu. Ikiwa hakuna iliyozimika, waamuzi watatu hugawa pointi kwa mambo matatu: uharibifu, ushambulizi na umahiri wa kuiongoza roboti.

Ambalo video hazionyeshi vizuri ni kitabu cha kanuni kilicho nyuma ya dakika hizo tatu. Kabla roboti haijaingia kizimbani hukaguliwa. Hupimwa uzito. Huzimwa rimoti makusudi ili ionekane kama roboti itasimama yenyewe mawasiliano yakikatika. Huangaliwa kama silaha yake ina kizuizi cha chuma kinachoifunga wakati wote ikiwa nje ya kizimba. Vilipuzi haviruhusiwi, kuvuruga mawimbi ya rimoti ya mwenzako hakuruhusiwi, na kwa kawaida kumwaga maji au mafuta ndani ya kizimba hakuruhusiwi. Roboti isiyotimiza haya hairuhusiwi kupigana, hata kama mwenyewe ametoka mbali na ametumia fedha nyingi.

Basi mtoto anayetazama pambano bila kuzijua kanuni ameona nusu tu ya mchezo, tena ile nusu isiyo na mafunzo.

VIJANA WA SUDAN KUSINI WALIKWISHATANGULIA

Wapo wanaodhani kwamba roboti ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba sisi hapa tunaota ndoto za mchana. Tuwakumbushe jambo moja ambalo wengi wamelisahau.

Mwezi Julai 2017 yalifanyika mjini Washington mashindano ya kwanza ya FIRST Global Challenge, yaliyoasisiwa na mvumbuzi wa Marekani Dean Kamen. Yalikusanya timu za vijana kutoka nchi zaidi ya 150. Timu ya Sudan Kusini ilikuwemo. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu yale mapigano ya Julai 2016 hapa Juba ambayo kila mmoja wetu anayakumbuka. Vijana wetu walirudi na medali ya dhahabu katika tuzo ya mafanikio ya ujasiri, inayotolewa kwa timu zilizosonga mbele pamoja na mazingira magumu. Fedha ya tuzo hiyo ilikwenda kwa wasichana wa Afghanistan, na shaba ikaenda Oman.

Wazazi wenye mabinti tunawaomba wasisite hapo kidogo. Wasichana wale wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia Marekani, na bado walifika, wakashindana, wakatunukiwa. Atakayesema kwamba waya na mota si mambo ya binti wa Kiislamu atafute hoja nyingine.

Lakini tumelileta tukio hili hasa kwa sababu ya kanuni zake. Roboti za Washington hazikupigana. Kazi yao ilikuwa kukusanya mipira ya rangi mbili, moja ikiwa mfano wa maji safi na nyingine mfano wa uchafu, kwa kuwa mada ya mwaka ule ilikuwa maji. Kila timu ilipewa sanduku la vifaa vilevile, awe ametoka Ulaya au Juba. Na timu hazikucheza pekepeke bali kwa miungano ya nchi kadhaa, kiasi kwamba uliyeshindana naye asubuhi anaweza kuwa mwenzako jioni.

Angalieni faida ya kanuni hizo mbili. Sanduku moja kwa wote linamzuia tajiri kununua ushindi. Muungano unaobadilika unamzuia mtoto kumfanya mpinzani kuwa adui, kwa sababu atamhitaji kesho. Nani kati yetu atasema kwamba watoto wa mji huu hawahitaji somo hilo la pili?

KINACHOSIMAMISHA KIJE KABLA YA KINACHOPIGA

Sasa tuje kwetu. Tunapendekeza kwamba kanuni ya kwanza ya mashindano yoyote ya mtaa wetu iwe hii: hakuna anayeruhusiwa kufunga silaha kwenye roboti yake mpaka awe ameonyesha mbele ya mwalimu kwamba anaweza kuisimamisha.

Kuisimamisha kuna njia tatu, na zote zinatakiwa. Ya kwanza ni kwa rimoti: ukiachia kidole, roboti isimame. Ya pili ni rimoti yenyewe ikizimika au betri yake ikiisha: roboti isimame bila kuambiwa. Ya tatu ni kwa mkono: pawe na swichi au kiungo cha waya kinachochomoka, mahali panapofikika kwa urahisi bila mtu kupitisha mkono karibu na silaha.

Wanafunzi watalalamika kwamba hii inachelewesha raha. Naam, inachelewesha, na huo ndio mtihani. Kijana mwenye akili hutaka kwanza kuona kitu chake kinakwenda. Kazi yetu wakubwa ni kumzoesha kuuliza kwanza kitasimama vipi. Sisi tuliovuka miaka arobaini katika mji huu tumeishi kuona mambo yaliyoanzishwa na watu waliojua sana kuanzisha na wasijue kabisa kusimamisha. Mapigano ya Desemba 2013 yalianza usiku mmoja hapa Juba. Makubaliano ya amani yaliyofuata yaliwekwa saini, yakavunjika, yakawekwa saini tena mwezi Septemba 2018, na serikali ya umoja ikaundwa Februari 2020. Hesabuni wenyewe miaka. Hatusemi kwamba swichi ya roboti italeta amani, la hasha. Tunasema kwamba mtoto aliyefundishwa akiwa na miaka kumi na mbili kwamba kusimamisha ni sehemu ya ufundi, na kwamba asiyeweza kusimamisha hajamaliza kazi, amepata kitu ambacho wengi wetu hatukufundishwa.

Kanuni ya pili iwe ya miili yetu. Dini yetu imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenzake, na hili halina ubishi. Hakuna roboti kuwashwa mkononi, mezani au kwenye baraza ya nyumba. Inawashwa ndani ya kizimba tu, mlango ukiwa umefungwa, na kila aliye karibu amevaa miwani ya kinga. Skrubu moja iliyochomoka inatosha kupofua jicho, na jicho halina spea Konyokonyo.

TAHADHARI YA CHUMA CHAKAVU

Hapa kuna jambo ambalo kanuni za Marekani na Uingereza hazilitaji, kwa sababu kwao halipo kama lilivyo kwetu.

Mtoto akiambiwa atengeneze roboti na nyumbani hakuna fedha, atakwenda kutafuta chuma. Ataokota kando ya barabara, nyuma ya kambi za zamani, kwenye makorongo na vichakani nje ya mji. Na ardhi ya nchi yetu bado ina mabaki ya vita: mabomu ya ardhini, maguruneti na makombora ambayo hayakulipuka, tangu vita vya 1983 hadi 2005 na vilivyofuata baadaye. Kitengo cha Umoja wa Mataifa cha kuondoa mabomu, UNMAS, kimefanya kazi nchini kwa miaka mingi na bado kazi haijakwisha. Watoto wamepoteza mikono, macho na maisha yao kwa kugusa kitu walichodhani ni chuma cha kawaida au cha kuchezea.

Kwa hiyo tunasema bila kupindisha: chuma cha kuokotwa kisiruhusiwe kabisa. Kila kipande kinacholetwa kiwe na mtu mzima anayejulikana aliyekitoa, kama vile fundi wa baiskeli, fundi wa kuchomelea, mwenye gereji ya bodaboda au duka. Mtoto akileta kipande asichoweza kukieleza kimetoka wapi, kisitumike, na mzazi wake aitwe siku hiyohiyo. Akiona kitu asichokijua ardhini asikiguse, asikitupie jiwe, arudi kwa njia aliyoijia, na amwambie mtu mzima. Kanuni hii isomwe kwa sauti kila mkutano, hata wakichoka kuisikia.

Ipo njia rahisi ya kuondoa kishawishi hiki, nayo ni kutotaka chuma. Mbao nyepesi, plastiki ya ndoo iliyovunjika, karatasi ngumu na magurudumu ya gari la kuchezea vinatosha kwa roboti ndogo. Uzito ukiwekewa kikomo cha chini, hakuna atakayekuwa na haja ya kwenda kutafuta pande la chuma.

BETRI NA JOTO LA JUBA

Roboti nyingi za mashindano hutumia betri za lithiamu, zile laini zinazofanana na betri ya simu. Zina nguvu nyingi katika umbo dogo. Zikitobolewa, zikichajiwa kupita kiasi au waya zake zikigusana, zinaweza kuvimba na kuwaka moto mkali ambao ni vigumu kuuzima.

Tukumbuke pia hali ya hewa yetu. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 shule zikafungwa tena kwa sababu hiyohiyo. Betri iliyoachwa mchana ndani ya chumba cha mabati, au kwenye sanduku lililoko juani, tayari iko taabani kabla haijaunganishwa na mota.

Kanuni basi ziwe hivi. Betri zichajiwe mahali pamoja, mbele ya mtu mzima, kwa chaja iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya betri, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Hakuna kuchaji usiku watu wakiwa wamelala. Hakuna kuchaji kwa waya wa kuunganisha kienyeji kutoka kwenye jenereta. Betri iliyovimba haiingii kizimbani wala hairudi nyumbani mfukoni mwa mtoto. Wanaoanza ni bora watumie betri za kawaida za kuchaji, zile za umbo la betri za tochi. Zina nguvu ndogo, lakini mzazi atalala usingizi.

TUANZE NA MIELEKA

Tumesema tuanze na roboti za kusukumana. Huu si uzushi wetu. Upo mchezo wa roboti unaotokana na mieleka ya Kijapani iitwayo sumo, ulioanza Japani mwishoni mwa miaka ya 1980 na sasa unachezwa na wanafunzi katika nchi nyingi.

Katika daraja dogo la mchezo huo, roboti haizidi gramu 500, na upana na urefu wake ni sentimita 10 kwa 10. Ulingo ni duara lenye kipenyo cha sentimita 77, limepakwa rangi nyeusi na ukingo mweupe wa sentimita 2.5. Roboti mbili zinawekwa ndani. Inayotolewa nje ya duara imeshindwa. Pambano ni dakika tatu, na anayepata pointi mbili kwanza ndiye mshindi. Hakuna kukata, hakuna kurusha, hakuna moto. Gundi kwenye magurudumu haikubaliki, na katika mashindano mengi hupimwa kwa njia ambayo haigharimu kitu: roboti inawekwa juu ya karatasi kisha inanyanyuliwa, karatasi ikinyanyuka nayo, gurudumu lina gundi.

Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza ulingo huo kwa siku moja. Kizimba cha plastiki ngumu cha kuzuia vipande vya chuma hakihitajiki, na gharama yake pekee ingetosha kuuvunja mpango wote.

Tena mchezo huu una asili tunayoijua. Nani hapa Juba hajasikia mieleka ya Wamundari na Wadinka wa Bor? Vijana wenye nguvu wanakutana mbele ya umati, ngoma zinalia, na anayeangushwa ameanguka, mchezo umekwisha. Hapigwi akiwa chini. Katika vitabu vya sira pia imesimuliwa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipigana mieleka na Rukana, aliyekuwa mashuhuri kwa nguvu, akamwangusha. Kushindana kwa nguvu na ufundi hakujawahi kuwa aibu kwetu. Aibu ni kushindana bila mpaka.

Wale wanaosema roboti haina roho wamesema kweli, na kwa hiyo suala hili halilingani na kupiganisha majogoo au kondoo, jambo ambalo limekatazwa kwa sababu wanyama wanaumia. Lakini kidole kilicho kwenye rimoti kina mwenyewe, na mwenyewe ana moyo unaozoea kile anachokifanya kila wiki. Akizoea kwamba raha ni kuona cha mwenzake kinavunjika vipandevipande, amejifunza kitu. Akizoea kwamba raha ni kumzidi mwenzake mbinu na kumtoa nje ya mstari, kisha wote wawili wakaondoka na roboti zao nzima, amejifunza kitu kingine. Sisi tunachagua la pili. Na kazi ya mtoto aliyeweka akiba miezi mitatu kununua mota mbili zilizokuja kutoka Kampala kupitia Nimule si kitu cha kusagwa ndani ya dakika tatu ili wengine wapige makofi.

ADA NA ZAWADI

Ama kuhusu fedha, hapa tunaomba umakini zaidi, kwa sababu ni rahisi kuteleza bila kujua.

Mara nyingi vijana hupanga hivi: kila mshiriki atoe kiasi fulani, fedha zikusanywe, na mshindi azichukue zote. Huo ndio mfumo wa kamari, hata kama ndani yake kuna roboti badala ya karata. Kila mmoja ameweka mali yake akingoja ama kula ya wenzake ama kuliwa yake. Wanazuoni wa fiqhi wamelijadili suala la zawadi za mashindano kwa urefu tangu zamani, na asili ya mjadala wao ni hadithi inayotaja mbio za ngamia, mbio za farasi na kulenga mishale. Wametofautiana kama zawadi ya mali inafaa katika mashindano mengine yenye manufaa. Lakini njia salama kwetu iko wazi: washiriki wasichangie zawadi. Zawadi itolewe na mtu wa nje, kama vile mfanyabiashara, mzazi mwenye uwezo au kamati, na iwe kitu cha kumwendeleza mshindi, kwa mfano seti ya bisibisi, chaja nzuri au ada ya muhula. Ikiwa kuna mchango wa kukodi ukumbi au kununua mbao, uandikwe kuwa ni wa gharama, na hesabu yake ibandikwe ukutani.

Na watazamaji wasiweke dau. Kubeti kumeingia kwa vijana wa Afrika Mashariki kupitia simu kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Akionekana mtu mzima anabeti juu ya roboti za watoto, atolewe nje, awe nani awe.

MWAMUZI NA ADABU

Kanuni bila mwamuzi ni karatasi tu. Tunapendekeza waamuzi watatu, na kati yao asiwepo mzazi, kaka wala mjomba wa mshiriki anayecheza pambano hilo. Kanuni ziandikwe kwa Kiswahili na Kiarabu, na kwa Kiingereza kwa wanaosoma shule za Kiingereza, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Baada ya mashindano kuanza kanuni isibadilishwe, hata ikionekana ina kasoro. Iandikwe pembeni, irekebishwe msimu ujao. Mwenye malalamiko ayalete kwa mdomo mmoja, yeye na mwalimu wake, si kundi zima na makelele.

Hata kama siku moja, inshaallah, vijana wetu watafikia kiwango cha roboti za kugongana, ipo kanuni moja ya huko ambayo tunaipenda na tungependa ije nayo. Roboti isipotembea, mwamuzi huanza kuhesabu, mara nyingi mpaka kumi. Wakati huo aliye juu hutakiwa kurudi nyuma, ili aliyeanguka aonekane kama bado ana uwezo. Kuendelea kumponda asiyetembea hakuhesabiwi kuwa ni ushujaa. Tungeitumia kanuni hiyo hata katika duara la kusukumana: roboti ya mwenzako ikikatika waya, subiri.

KANUNI KWA UFUPI

Kwa wale watakaopenda kuzibandika ukutani:

1. Uzito usizidi gramu 500. Orodha ya vifaa ni moja kwa wote, na atakayeongeza kitu nje ya orodha ataondolewa.

2. Kila roboti isimame kwa rimoti, kwa rimoti kuzimika, na kwa mkono. Isiposimama haichezi.

3. Inawashwa ulingoni tu, na walio karibu wavae miwani ya kinga.

4. Chuma cha kuokotwa ni marufuku.

5. Betri zichajiwe mahali pamoja mbele ya mtu mzima, si usiku.

6. Hakuna bledi, kirusha, moto, kimiminika, gundi wala kuvuruga mawimbi.

7. Washiriki hawachangii zawadi, na watazamaji hawaweki dau.

8. Waamuzi ni watatu, wasio na undugu na wachezaji. Kanuni hazibadiliki katikati ya mashindano.

9. Mshindi ndiye anayetangulia kuzima roboti yake na kutoa mkono.

Kanuni hii ya tisa hatukuitoa Marekani wala Japani. Tumeiweka wenyewe, na tunaomba isiondolewe.

Ndugu wazazi, watoto hawa watatengeneza mashine, tukipenda tusipenda. Video wanazo, mota zinauzwa, na akili Mwenyezi Mungu amewapa. Tunachoweza kuchagua ni kama watazitengeneza vichochoroni peke yao, au mbele yetu wakiwa na kanuni. Mwenye maoni, nyongeza au pingamizi juu ya kanuni hizi alilete kwa walimu baada ya sala ya Alasiri, na fundi yeyote wa umeme au seremala aliye tayari kujitolea siku moja kwa wiki atakuwa ametusaidia sana. Tutakaa na vijana tuzisome pamoja, kanuni moja baada ya nyingine, na ndipo orodha ya vifaa itakapoandikwa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.